Sahani ya Mpakani: Habari za Kipimo, Takrima na Makombo katika Nchi ya Ufipa

Nchi ya Ufipa, uwanda wa juu uliokaa baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, haikupata kutajwa na wasafiri wa zamani kwa dhahabu wala kwa pembe, bali ilitajwa kwa mashamba yake; na Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyepita huko mwaka 1880, aliandika kwamba katika makabila yote aliyoyaona hakukuta watu walioshikamana na kilimo kuliko Wafipa. Basi ni jambo la kustaajabisha, na kwangu mimi ni la kusikitisha pia, kwamba katika nchi hiyo hiyo, ambayo wazee wake walijua thamani ya kila punje ya ulezi, leo ukiketi saa saba za mchana katika kibanda cha chakula pale Kasesya, mpakani mwa Zambia, utaona matonge ya ugali mzuri yakikwanguliwa kutoka sahanini na kutiwa ndooni, sahani baada ya sahani, wala hapana mtu anayegeuka kutazama.

Wengi hulieleza jambo hili kwa haraka, wakasema ni shibe ya siku hizi, au ni kiburi cha vijana waliozaliwa njaa imekwisha, au ni ujinga wa wauzaji wasiojua kupima. Mimi naona asili yake ni nyingine kabisa. Katika nyumba zetu za zamani zilikuwako adabu mbili njema, adabu ya mwenyeji ya kujaza na adabu ya mgeni ya kubakiza, na zote mbili zilikuwa na maana kwa sababu nyuma ya mlango alikuwako mtu wa tatu, yaani mtoto wa nyumba, aliyekuwa akingoja kitakachobaki; chakula kilipotoka nyumbani kikaenda kuuzwa njiani, adabu zile mbili zikahama pamoja nacho, lakini mtoto hakuhama. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuisimulia, tangu zama za ulezi hata zama za malori.

Zamani za wazee chakula kikuu cha uwanda wa Ufipa kilikuwa ugali wa ulezi, na ulezi haukupatikana kwa jasho dogo. Jirani zao Wabemba, waliokaa katika mapori upande wa kusini na magharibi, waliweza kukata matawi ya miti, kuyarundika na kuyachoma, kisha wakapanda katika majivu. Lakini Mfipa wa uwandani, ambaye mbele yake palikuwa na nyasi tupu na miti michache, ilimpasa kutafuta hila nyingine. Mvua zikiwa zingali zinanyesha, alizikata nyasi pamoja na udongo wake, akazipindua na kuzirundika katika matuta makubwa ya mviringo, ndani yake zikaoza polepole, na juu yake akapanda maharage au maboga. Hata msimu uliofuata akayabomoa matuta yale, akausambaza udongo ulionona, ndipo akamwaga ulezi. Wataalamu wa kilimo waliofika wakati wa utawala wa Waingereza walistaajabia maarifa hayo, kwa kuwa hawakutarajia kuona mbolea ya majani ikitengenezwa shambani na watu wasiofundishwa na mtu. Nami sioni ajabu kwamba watu waliojua kugeuza magugu kuwa chakula walikuwa wagumu kugeuza chakula kuwa takataka.

Ulezi tena una sifa ambayo mahindi hayana, nayo ni kuwa waweza kukaa ghalani miaka mingi pasipo kuharibiwa na wadudu, hivyo kwamba nyumba yenye busara ilikuwa na akiba ya mavuno zaidi ya moja. Mtu aliyeishi na nafaka ya namna hiyo hakuwa na sababu ya kupika kupita kiasi kwa hofu ya kwamba itaoza, wala hakuwa na udhuru wa kumwaga iliyopikwa, kwa maana kila kilichookolewa jikoni kilihesabiwa kuwa kimeongezwa ghalani, na ghala ndiyo iliyomlinda katika mwaka wa nzige au wa ukame.

Ama namna ya kula, ilikuwa kama ilivyokuwa katika sehemu kubwa ya bara: wanaume pamoja, wanawake na watoto wadogo mahali pao, kila kundi likizunguka chombo kimoja cha ugali na kimoja cha mboga. Katika chombo cha pamoja hapana fungu la fulani wala la fulani. Kila mmoja hukata tonge kwa kadiri ya njaa yake, akalifinyanga, akalichovya, na aliyeshiba hunawa akajiondoa pasipo kuulizwa. Msomaji aliyelelewa hivyo atakumbuka kwamba mkono ulikata upande wake tu, na mwenye kuchimba katikati au kuparuza upande wa mwenzake alikaripiwa. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa chakula kizima, kisichotifuliwa na mtu, kikarudishwa jikoni kwa heshima yake, na asubuhi kikaliwa kiporo kabla ya watu kwenda shamba.

Alipofika mgeni, taratibu zilibadilika, na hapa ndipo lilipo shina la habari yetu. Mgeni alitengewa. Alipikiwa kilicho bora kilichokuwamo nyumbani, akajaziwa kuliko tumbo la mtu mmoja linavyoweza kubeba, na mwenyeji akasimama au akaketi karibu akimhimiza aongeze. Naye mgeni, kama alilelewa vema, alikula kwa staha, akasifu, akashukuru, kisha akabakiza, na tena akabakiza mahali panapoonekana: kipande cha kuku, upande wa ugali ambao hakuugusa, mchuzi wa kutosha tonge mbili tatu. Kukimaliza chote kungalikuwa ni kumwambia mwenyeji kwamba hakumshibisha, na zaidi ya hayo kungalikuwa ni kuwadhulumu watoto, ambao tangu walipomsikia kuku akikamatwa uani walijua kwamba riziki yao ya siku ile itapita kwanza mbele ya mgeni. Hayo si ya Ufipa peke yake. Kuanzia Lamu hata Kilwa, na kutoka pwani hata maziwa makuu, watoto waliopenda wageni waliwapenda kwa sababu hiyo, na methali ya mgeni njoo mwenyeji apone ilikuwa kweli hasa kwa wale wadogo.

Namwomba msomaji alizingatie jambo hili kwa makini, maana siku hizi tumezoea kuona chakula kilichobaki sahanini kuwa ni kosa la mlaji. Katika nyumba ile hapakuwa na kosa. Mwenyeji aliyejaza na mgeni aliyebakiza walikuwa wakishirikiana, bila ya kusemezana neno, kuwalisha watoto pasipo kumwaibisha yeyote, na kipimo kikubwa cha mgeni kilikuwa kwa hakika kipimo cha nyumba nzima kilichopitishwa kwa mgeni kwanza.

Kipimo cha mtu mmoja peke yake, kilichotengwa kwa hesabu, nionavyo mimi kiliingia barani kwa misafara. Wafanyabiashara wa pwani waliopita kati ya Tabora na nchi za Itawa na Urungu, wakivuka Ufipa au kando yake, waliwapa wapagazi wao posho, na kiasi kilichokubaliwa kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, nacho ni robo ya pishi. Richard Burton, aliyekwenda Ujiji mwaka 1858, alikikadiria kuwa ratili moja na nusu. Huo ulikuwa ugawaji wa haki, na wapagazi waliulinda vikali, wakagoma au wakatoroka walipopunjwa. Lakini kibaba kile kilikuwa nafaka mbichi. Mpagazi aliyepewa aliweza kuweka nusu mfukoni, au kubadilisha kwa mboga katika kijiji walichopita, na usiku kambini watu wa kundi moja walichanganya vibaba vyao katika chungu kimoja na kula pamoja kama walivyokula kwao. Kwa hiyo ingawa kipimo kilikuwa cha mtu mmoja, mlo uliendelea kuwa wa wengi, na chakula hakikupata nafasi ya kupotea.

Baada ya misafara ukaja mpaka. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani uliukata uwanda kuanzia mlango wa mto Kalambo kuelekea Songwe, na jirani za Wafipa, Walungu na Wamambwe, wakajikuta wamekuwa raia wa mataifa mawili huku mashamba yao yakitazamana. Mapadri wa White Fathers, waliokwisha kushika Karema tangu mwaka 1885, walisambaa mpaka uwandani na kujenga shule zenye mabweni, ambamo watoto walipanga mstari wakiwa na sahani za bati mikononi; na upande wa pili vijana walishuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wakapimiwa unga wa juma zima, kisha baadaye wakalipwa fedha wajitafutie. Sitakaa sana hapo. Itoshe kusema kwamba bwenini na mgodini ndiko vijana wengi wa Ufipa walikojifunza kwa mara ya kwanza kuwa na sahani ambayo mkono wa mwingine haugusi, na kwamba sahani hizo hazikubakizwa kitu, kwa sababu ndani yake hakikuwamo cha kubakiza.

Lipo hata hivyo jambo moja la zama hizo ambalo lazima tulichukue kwa sababu litatufaa huko mbele. Audrey Richards, mwanamke wa Kiingereza aliyekaa miongoni mwa Wabemba mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuchapisha mwaka 1939 kitabu juu ya ardhi, kazi na chakula chao, alieleza jinsi alivyowaona watu wakila mahindi ya kuchoma, gunzi baada ya gunzi, kisha akawasikia wakilalamika kwamba tangu asubuhi hawajatia kitu kinywani, kwa kuwa ugali ulikuwa haujapikwa. Aliyaandika hayo kwa Wabemba, lakini hapana Mfipa, Mlungu wala Mmambwe atakayeyakana. Shibe katika nchi hizi ni ugali. Nyama, samaki na maharage ni vya kuusindikizia. Na mtu akipewa ugali mdogo, hata ukizungukwa na mboga za kila namna, ataondoka mezani akijihesabu kuwa hakula.

Mapinduzi makubwa ya mlo wa Ufipa yalikuja na mahindi. Yalikuwako tangu zamani, lakini hayakuwa mfalme. Baada ya azimio la Siasa ni Kilimo, lililotolewa Iringa mwaka 1972, na baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji, Serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hivyo kwamba mkulima wa Sumbawanga, aliye mbali na Dar es Salaam kuliko karibu kila mtu, alilipwa sawa na yule aliye kando ya reli. Mbegu mpya na mbolea ya chumvichumvi zikafuata, na Rukwa, mkoa uliozaliwa mwaka 1974 tu, ukahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya kulisha taifa. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua kuliko lilivyoweza kusafirisha, na wengi wanakumbuka magunia yaliyolala chini ya maturubai mvua zikikaribia, huku watu wa mjini Dar es Salaam wakila unga wa njano wa msaada kutoka Marekani, ule walioupa jina la Yanga. Kisha, tangu mwisho wa miaka ya 1970, akaingia nchini kwa njia ya Tabora mdudu dumuzi, ambaye hula mahindi mpaka yakabaki vumbi, na ghala iliyozoea ulezi ikashindwa kuyalinda. Mkulima akajifunza somo ambalo baba yake hakulijua: kwamba nafaka isipouzwa au kuliwa upesi itapotea. Unga wa sembe ukawa ndicho kitu rahisi kuliko vyote vilivyomo jikoni.

Mkoa mpya ulileta Sumbawanga makarani, walimu, askari, mahakimu na madereva, watu waliotengana na jiko la nyumbani, nao walihitaji mahali pa kula. Wanawake wakawapikia. Wakati ule wa shida ya miaka ya 1980, mshahara wa mwezi ulipokuwa haumalizi hata nusu ya mwezi, kina mama wengi nchini walitoka na masufuria yao wakakaa kando ya stendi, sokoni na mbele ya maofisi, wakapewa jina la mama ntilie. Na ingawa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliwafanya wengi wao watazamwe kama wazururaji, wao ndio waliowalisha watumishi wa Serikali hiyo hiyo. Naandika jambo hili kwa heshima kubwa. Mama aliyeanza biashara hakuwa na mafunzo ya biashara, wala hakuwa na kitabu cha kumwambia sahani moja iwe na uzito gani. Alichokuwa nacho ni adabu ya mwenyeji, akaitumia. Alijaza. Mteja aliyejaziwa alirudi kesho yake akaleta mwenzake, na yule mama wa pili aliyeona jirani yake ana wateja akajaza zaidi.

Barabara ndiyo iliyolifikisha jambo hili Kasesya. Njia ya Tunduma hadi Sumbawanga, kiasi cha kilomita 223, ilitiwa lami kwa fedha za msaada wa Marekani, kazi hiyo ikaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wilaya ya Kalambo, yenye makao yake Matai, ikazaliwa mwaka 2012. Na kutoka Matai njia ya kilomita 50 hivi inashuka mpaka Kasesya, ambako upande wa pili kuna Zombe, na mbele yake Mbala. Mahindi, mchele wa bonde la Ziwa Rukwa, maharage, samaki wakavu na bidhaa za viwandani huvuka hapo, na pamoja navyo huvuka watu wanaongoja: wanangoja muhuri, wanangoja hati, wanangoja tajiri apige simu. Mtu anayengoja hula.

Mtazame mama akiwa kazini. Chungu cha ugali ni sufuria kubwa ya alumini iliyokalia mafiga matatu, na kando yake kuna bakuli moja la plastiki na kopo la maji. Kijana dereva anainama kuingia chini ya turubai, anasema, "Shikamoo mama." Anajibiwa, "Marahaba mwanangu, karibu chakula." Anauliza kuna nini leo, naye anatajiwa kwa mfululizo usiobadilika: ugali nyama, ugali migebuka, ugali maharage, wali maharage. "Nipe ugali migebuka. Ujaze mama, nina safari." Mama huchovya bakuli majini, hulitia ugali mpaka ukaota kilima juu ya ukingo, hulizungusha kwa mkono mmoja ili ugali ujivingirishe, kisha hulipindua juu ya sahani, ugali ukasimama kama kichuguu, ukitoa moshi. Halafu, akiwa amelisikia ombi la kujaza, huongeza pembeni kipande kingine alichokikata kwa mwiko. Kando ya mlima ule huweka mgebuka mmoja aliyekatwa vipande viwili, kijiko cha maharage, mboga za majani kiganja kimoja na mchuzi usiofika hata ukingo wa kibakuli.

Hapo ndipo hesabu inapokataa. Samaki ni ghali, mafuta ni ghali, nyanya wakati mwingine ni ghali kuliko samaki. Unga ndio rahisi, na takrima ya mama haina budi kupitia katika kilicho rahisi. Kijana hula kwa furaha, lakini kitoweo kinakwisha ugali ukiwa umefika nusu, na ugali mtupu mtu haulazimishi kooni. Akiwa mtu wa kuona haya, hataomba mchuzi mara ya pili; akiomba, atapewa kidogo, na ugali utapungua kidogo, kisha ataamka anawe. Katika nyumba ya zamani mboga ilipokwisha ugali ulirudi jikoni pamoja na heshima yake. Hapa ugali umekwisha kuguswa na mkono wa mgeni asiyejulikana, katika sahani isiyochangiwa na mtu, na hauna mahali pa kurudi. Mtoto wa mama yule yuko shuleni au amekwisha kula, na hata kama hakula, hatapewa kilichoachwa na mtu wa njiani, jambo ambalo mama yeyote mwenye kujali afya analikataa kwa haki.

Nimesikia watu wakisema, kwa nini basi asiuze nusu sahani kwa nusu bei? Jambo hilo si jepesi kama linavyodhaniwa. Kuni au mkaa ni ule ule, maji ni yale yale, samaki hakatwi robo, na mteja ambaye sahani yake imepunguzwa ugali bila bei kupungua atasema amepunjwa, atahama kibanda. Ndiyo maana sikubaliani na wanaowalaumu kina mama peke yao. Mwenye kujaziwa naye anataka kujaziwa; kilima kile hakikuwekwa kwa ajili ya tumbo lake tu, kimewekwa ili aone ya kuwa fedha yake imeheshimiwa, na ni mara chache sana kumsikia mwanamume mzima akisema mbele ya wenzake, "Mama, nipunguzie."

Mambo haya yanaonekana kwa ukubwa zaidi katika sherehe za ukumbini, ambazo siku hizi ndizo karamu zetu. Harusi ya zamani ilipikiwa kijiji, na kilichobaki kililiwa na kijiji kesho yake. Harusi ya Sumbawanga ya leo hufanywa kwa michango, kila mtu akitoa kiasi chake kwa kamati na kupewa kadi. Na mtu aliyekwisha kuchanga huiendea meza ya chakula kama mtu anayekwenda kuchukua amana yake, akapanga wali juu ya ndizi, na nyama juu ya wali, na juu yake tena kipande cha kuku, ilhali usiku umekwenda na nusu ya njaa yake imekwisha kufa kwa soda. Asubuhi waosha vyombo wanamwaga pilau kwa ndoo. Hakika hili ndilo linaloniuma kuliko la Kasesya, kwa sababu dereva walau alikuwa na njaa.

Na ndoo yenyewe inakwenda wapi? Kwa muda mrefu ilikuwa na mrithi wake. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya wafugaji wa nguruwe, na karibu kila mama ntilie ana mtu wake anayepita jioni na baiskeli kuchukua makombo, akamlipa kitu kidogo au akamletea kuni. Njia hiyo ni njema, lakini ina hatari ambayo inafaa ijulikane zaidi. Homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usio na dawa wala chanjo ya kutegemewa hapa kwetu, ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya na Montgomery mwaka 1921, hubebwa na mabaki ya nyama ya nguruwe yaliyochanganyika na makombo. Na mwaka 1957 uliingia Ureno kwa njia ya makombo ya ndege yaliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Ukiwapata nguruwe wa mtaa mmoja, hupukutika wote. Mpakani, ambako mfupa ulioliwa leo huenda umetoka nchi nyingine jana, ndoo isiyochemshwa yaweza kumwondolea mfugaji mali yake yote katika juma moja. Vilevile njia ya mteja kufungiwa kilichobaki akaondoka nacho ilisumbuka kidogo tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, marufuku ambayo mimi naiunga mkono; lakini dereva mwenye kontena lake la chakula garini hahitaji mfuko, na wapo waliokwisha kuanza.

Isidhaniwe kwamba haya ni aibu ya watu wetu peke yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na katika hizo asilimia 28 zilitupwa na mahoteli, migahawa na mahali pengine panapouzwa chakula kilichopikwa. Na lilionyesha pia kwamba upotevu wa majumbani katika nchi tajiri na zile za kipato cha kati haupitani sana, jambo lililowashangaza waliodhani kwamba israfu ni ugonjwa wa matajiri. Uingereza wakati wa vita, mwaka 1940, ilifanya kupoteza chakula kuwa kosa la jinai. Uchina, ambako mwenyeji naye huona haya meza ya mgeni ikimalizika, ilitunga sheria mwaka 2021 inayowaruhusu wenye migahawa kuwatoza wateja wanaobakiza kupita kiasi na kuwakataza kuwashawishi waagize zaidi ya haja. Sheria ya namna hiyo sidhani itatufaa Ufipa. Bwana afya wa Kasesya ana kazi nyingine, na mama aliyekwisha kuandamwa na sheria ya 1983 haongezewi nyingine juu ya mgongo wake.

Linaloweza kufanyika ni dogo, na lipo tayari katika desturi zetu. Utaratibu wa nyongeza unajulikana kila kibanda: mteja akiwa hakushiba huongezewa ugali, mara nyingi bure. Kama nyongeza ni bure, basi kilima cha kwanza hakina kazi. Mama aweza kupakua bakuli lisilovuka ukingo, akasema wazi mbele ya wote, "Ugali upo baba, ukitaka utaongeza," na ugali uliobaki sufuriani utakuwa safi, utaliwa na mteja wa jioni au utakwenda nyumbani kwa watoto wake. Hata kula sinia moja watu watatu, kama wafanyavyo pwani, kwaweza kurudi kwa madereva na matingo wao, ambao tayari wanalala katika gari moja na kugawana sigara. Haya yote yanahitaji mteja kusema kwanza, kwa sababu mama hatapunguza kwa hiari yake sahani ya mtu asiyemjua, akaonekana mchoyo. Basi wewe msomaji utakayeshuka Matai kwenda Kasesya, ukishaamkia na kuitikiwa, na kabla bakuli halijachovywa majini, mwambie mama unataka kiasi gani.